Shekhe wa Kishafii Aliyeijua Njia ya Damu Mapafuni

Mwezi wa Julai huko Kitui kuna baridi ambayo sisi watu wa Pwani hatukuizoea. Si baridi ya theluji, la, lakini yatosha kumfanya mtu aliyezaliwa Mombasa atafute blanketi la pili na afunge dirisha asiache hata upenyo wa kupitisha kidole. Mtoto wa ami yangu, ambaye amefanya biashara ya nguo katika mji huo kwa zaidi ya miaka 20, alizidisha usiku mmoja miaka michache iliyopita. Alilitoa jiko la makaa uani, akaliingiza chumbani likiwa jekundu, halina moshi hata kidogo, akafunga mlango akalala na mkewe. Alfajiri hakuonekana msikitini, naye si mtu wa kukosa safu ya mbele. Majirani wakavunja mlango. Mkewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa amekwisha kufariki. Yeye alikuwa bado avuta pumzi, za mbalimbali, wala haitiki akiitwa.

Habari zilinifikia jua halijapanda, nikashika basi la Nairobi. Nilishuka Kibwezi, katika kaunti ya Makueni, na hapo nikapanda matatu ipitayo Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Njia ile ni ya mibuyu na miiba, na katikati yake huvuka mto Athi. Zamani, ilipokuwa ya vumbi, niliipita mara nyingi, na katika barabara zote za Ukambani nilizoea kuyaona magunia ya makaa yamepangwa kandokando kama abiria wanaongoja gari. Mombasa na Nairobi zimepikia makaa ya Ukambani miaka na miaka, hata serikali ya kaunti ya Kitui ilipopiga marufuku kuyasafirisha nje mwaka 2018, makelele yake yalisikika mpaka kwetu. Siku ile sikutazama magunia wala mibuyu. Nilikuwa nikihesabu saa.

Msomaji asione ajabu kwamba tuna jamaa Kitui. Watu wa Pwani wamekwenda Ukambani tangu siku za misafara ya pembe za ndovu, na Wakamba wakashuka Mombasa na bidhaa zao, hata Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipofika Kitui mwaka 1849, alifikia kwa Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa na biashara kubwa na Pwani. Mpaka leo mjini Kitui kuna Waislamu ambao Kiswahili chao kina harufu ya bahari, ingawa watoto wao wapiga Kikamba kama maji. Marehemu shemeji yangu alikuwa Mkamba wa huko huko, aliyesilimu, na mkono wake wa kupika wali wa nazi uliwashinda wengi wa kwetu.

Nilipoingia wodini nilimkuta ndugu yangu amefungwa barakoa ya oksijeni usoni, na mtungi mrefu umesimama kando ya kitanda. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana, mwenyeji wa Makueni, mpole wa maneno. Nilimwuliza jambo lililokuwa likinikera tangu Kibwezi: jiko lile halikuwa na moshi, makaa yalikuwa yameshika vizuri, sasa kitu gani kilichomwua mtu? Moshi twaujua, hukohoza ukatoa machozi ukakimbiza watu. Kitu kisichoonekana wala kunusika, chaingiaje mwilini kikatoa roho?

Yule kijana aliniketisha kwenye benchi, akanieleza kwa subira, nami nayapanga maelezo yake kwa Kiswahili chetu. Pumzi iingiapo puani hushuka katika bomba la hewa, nalo hugawanyika matawi mawili, kila tawi likagawanyika tena na tena, mithili ya mwembe uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Penye ncha za vitawi vya mwisho hakuna majani ila vifuko vidogo vya hewa, na hesabu yake katika mapafu ya mtu mzima yakaribia milioni 480. Lau vingekunjuliwa vyote vikatandikwa chini kama jamvi, vingetandaza meta za mraba kama 70. Jamvi kubwa hilo, na lote limekunjwa ndani ya kifua kimoja! Kila kifuko kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba kuliko unywele, hata chembe nyekundu za damu hulazimika kupita kwa foleni, moja nyuma ya nyingine. Baina ya hewa na damu pana ukuta usiofika unene wa sehemu moja katika elfu ya milimeta.

Hapo ndipo penye badilishano. Hakuna mkono usukumao wala bomba livutalo. Hewa hujiendea yenyewe kutoka mahali ilipojaa hadi mahali ilipopungua, kama vile harufu ya udi itokavyo chetezoni ikaenea chumba kizima bila ya kupeperushwa. Damu irudiyo kutoka mwilini imechoka, oksijeni yake ni chache na hewa ya kaboni ni nyingi, na ndani ya kifuko mambo ni kinyume chake. Basi oksijeni huingia damuni, na hewa ya kaboni hutoka ikapumuliwa nje. Yote hayo hufanyika katika kitambo ambacho chembe ya damu hupita pembeni mwa kifuko, nacho ni kama robo tatu ya sekunde mtu akiwa ametulia. Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha 21 katika 100, na ile tuitoayo hubaki na 16 hivi. Tofauti ile ndiyo maisha yetu.

Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa, hewa isiyotosha huyafanya yatoe gesi nyingine, iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ndani ya chembe nyekundu mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kuishika oksijeni mapafuni na kuiachia mwilini. Ile gesi ya jiko hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama mpangaji aliyeingia nyumbani kwa hila, kodi halipi na kutoka hatoki, na mwenye haki akija hukuta milango imefungwa. Mtu huvuta pumzi, kifua chapanda na kushuka, na mwili wafa kwa kiu ya hewa.

Jambo moja lilinishangaza. Kile kidude kibanwacho kidoleni kupima oksijeni, ambacho sote tulikijua wakati wa korona, hudanganyika katika maradhi haya. Chenyewe hutazama rangi ya damu, na damu iliyoshikwa na gesi ya jiko ni nyekundu vilevile, kwa hivyo huandika kwamba mtu ni mzima naye yumo kaburini mguu mmoja. Daktari hakukitegemea. Alitegemea habari ya jiko, akafungulia mtungi. Mtu akiachwa na hewa ya kawaida, nusu ya sumu ile huchukua saa 4 au 5 kumtoka, lakini akipewa oksijeni tupu, saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana ule mtungi.

Nilipokwisha kumsikiliza nilimwambia kwamba safari hiyo ya damu kupita mapafuni ikutane na hewa, ambayo ndiyo mlango wa yote aliyonieleza, mtu wa kwanza tunayemjua aliyeiandika alikuwa shekhe wa madhehebu yetu ya Shafii, mwalimu wa fiq'hi mjini Kairo, zaidi ya miaka 700 iliyopita. Yule kijana alinitazama kwa adabu, lakini niliona kwamba amenidhania mzee aliyechanganyikiwa kwa msiba. Shuleni alifundishwa jina la Harvey, Mwingereza. Ibn al-Nafis hakupata kumsikia. Akanipa karatasi nimwandikie jina, nami nikaliandika kwa herufi zetu na kwa Kiarabu, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa amelala na usiku ulikuwa mrefu, nikamsimulia. Nayarudia hapa yale niliyomwambia, kwa mpango ulio bora kidogo.

Jina lake kamili ni Ala al-Din Abu al-Hasan Ali ibn Abi al-Hazm al-Qarshi. Alizaliwa Dameski au karibu yake, nchi ya Shamu. Wengine husema mwaka 1210, wengine 1213. Ulikuwa wakati mzito kwa Uislamu. Wafaranji walikuwa bado washika miji ya pwani ya Shamu, na upande wa mashariki Wamongoli walikuwa wameanza kuinuka, wale ambao mwaka 1258 waliuteketeza mji wa Baghdad. Lakini Dameski ilikuwa na hospitali kubwa iliyojengwa na Nur al-Din Zangi mwaka 1154, na humo wagonjwa walitibiwa na wanafunzi walifundishwa papo hapo, mwalimu akipita kitanda kwa kitanda. Mwalimu wa kijana wetu alikuwa al-Dakhwar, tabibu mashuhuri, aliyefariki mwaka 1230.

Pamoja na utabibu alisoma nahau, mantiki, hadithi na fiq'hi. Sisi tuliolelewa chuoni, mikeka chini na ubao mkononi, tulizoea kusikia elimu ya dini ikiwekwa upande huu na elimu ya dunia upande ule, na mtu akishika moja huambiwa ameiacha ya pili. Wazee wale hawakuwa na ukuta huo. Asubuhi mtu yuko hospitali, alasiri yuko madrasani, na kalamu ni ile ile.

Akiwa bado kijana alihamia Kairo, na huko ndiko alikoishi hadi mwisho wake. Alifanya kazi hospitalini, akapanda cheo hata akawa mkuu wa matabibu wa Misri, na alikuwa tabibu wa Sultani Baybars, aliyetawala tangu 1260 hadi 1277. Pia alisomesha fiq'hi ya Shafii katika Madrasa ya Masruriyya. Si kwamba alikuwa tabibu aliyependa dini pembeni. Al-Subki, alipokusanya habari za wanazuoni wakubwa wa Kishafii, alimtia humo. Aliandika hata sherehe ya al-Tanbih, kitabu cha fiq'hi ambacho jina lake walimu wetu walilijua.

Hakuoa. Habari za tabia yake zimeandikwa na waliokuja karibu baada yake, na nyingine nadhani zimeongezwa sukari, lakini ni tamu. Yasemekana alipotaka kuandika alichongewa kalamu nyingi zikawekwa tayari, akageuza uso ukutani, akaandika yote kutoka kichwani bila ya kufunua kitabu, kama mto uliofurika. Kalamu ikiwa butu aliitupa akachukua nyingine, asipoteze wakati wa kuichonga. Na siku moja alikuwa hamamuni akioga, katikati ya kuoga akatoka mpaka chumba cha kuvulia nguo, akaagiza wino na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi ndani akamaliza kuoga kwake. Sisi waandishi wa magazeti, tunaosukumwa na mhariri ndipo tuandike, na tumsikie hapo!

Basi twende penye kiini. Alipokuwa na umri wa miaka 30 hivi, kufikia mwaka 1242, Ibn al-Nafis alikuwa ameandika sherehe juu ya mambo ya maumbile ya mwili yaliyomo katika Qanuni ya Ibn Sina. Qanuni ilikuwa kwa matabibu kama msahafu wa kazi yao, na Ibn Sina naye alikuwa amemfuata Galen, yule Myunani ambaye Waarabu humwita Jalinus. Jalinus aliishi zaidi ya miaka 1000 kabla ya hapo, na alifundisha kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikaingia upande wa kushoto kwa kupenya katika vitundu vya ukuta ulio baina yao. Vitundu hivyo havikuonwa na mtu. Ilisemwa tu kwamba vimo, ila ni vidogo mno. Na watu wakakubali, kizazi baada ya kizazi, Waislamu kwa Wakristo kwa Mayahudi, kwa sababu aliyesema ni Jalinus.

Ibn al-Nafis alikataa. Alisema ukuta ule ni mzito na mgumu, hauna kitundu kionekanacho kama wengine walivyodhani, wala kisichoonekana kama Jalinus alivyodai. Sasa, kama mlango haupo, na damu yafika upande wa pili, basi pana njia nyingine. Njia yenyewe ni mapafu. Damu hutoka chumba cha kulia kwa ule mshipa mkubwa uendao mapafuni, ikatawanyika humo, ikachanganyika na hewa, kisha ikachukuliwa na mshipa wa pili hadi chumba cha kushoto cha moyo. Akaendelea kusema kwamba kati ya mishipa hii miwili, huko ndani ya mapafu, pana vipenyo viunganishavyo. Akatazama hata kuta za mishipa: ule upelekao damu ni mnene, akaona kwamba ni ili kisichujike humo ila kilicho chembamba kabisa, ule upokeao ni mwembamba, akaona kwamba ni ili upokee kwa wepesi. Sababu zake hizo leo hatuzishiki kama alivyozieleza, lakini njia yenyewe ndiyo ile ile niliyoelezwa na daktari kwenye benchi la Kitui.

Alikosoa na mengine. Ibn Sina alisema moyo una vyumba vitatu. Yeye akasema viwili tu, kwa maana ya vile vyumba vikubwa. Wazee walisema moyo hula damu iliyo katika chumba chake cha kulia. Yeye akasema chakula chake hukipata kwa mishipa iliyotambaa katika mwili wa moyo wenyewe. Mtu yeyote aliyepata kuwa na jamaa wa ugonjwa wa moyo anayajua mambo ya mishipa hiyo.

Aliyajuaje? Hapa wanazuoni wamegawanyika. Yeye mwenyewe aliandika kwamba sheria, na huruma aliyoumbwa nayo, vilimzuia kupasua maiti, na kwamba maumbo ya viungo vya ndani atayachukua kwa waliotangulia. Lakini mahali pengine aieleza kazi ya upasuaji kama shahidi anayewapinga wazee. Wako wasemao alipasua kwa siri, wako wasemao alitazama mioyo ya wanyama. Mimi, ambaye si tabibu, naiona zaidi alama ya madrasa katika hoja yake. Ni mtindo wa fakihi: taja kauli ya wa kwanza, idai dalili, dalili isiposimama iangushe kauli hata kama mwenyewe ni mkubwa, kisha tafuta wajihi mwingine ambao hauna budi kuwa. Alimheshimu Ibn Sina, akamwandikia sherehe na muhtasari, wala heshima ile haikumfunga mkono. Wangapi kati yetu hutenganisha mambo hayo mawili?

Nisitie chumvi, kwa maana kuna mtindo siku hizi, hata mimbarini nimeusikia, wa kusema kwamba Ibn al-Nafis aligundua mzunguko wote wa damu na Wazungu wakaiba. Hakusema damu huzunguka mwili mzima ikarudi. Hilo alilithibitisha William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628. Wala hakujua oksijeni. Aliona kwamba damu iliyochanganyika na hewa huzaa ile roho ya uhai ambayo matabibu wa zamani waliitaja. Oksijeni ilisubiri hadi karne ya 18, wakati wa Priestley na Lavoisier. Hata baada ya hapo palikuwa na mabingwa walioamini kwamba mapafu huisukuma oksijeni damuni kwa nguvu zake, hadi mwaka 1910, Marie na August Krogh, mke na mume wa Denmark, walipoonyesha kwamba hujiendea yenyewe. Na vile vipenyo alivyovitaja shekhe wetu vilionwa kwa jicho mwaka 1661, na Malpighi, Mtaliano, aliyetia pafu la chura chini ya hadubini. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 400.

Ama habari ya kuibwa, nayo yataka uangalifu. Mwaka 1553 Michael Servetus, Mhispania, aliandika juu ya njia hiyo hiyo ya mapafu, ndani ya kitabu cha dini, na mwaka huo huo akachomwa moto Geneva kwa itikadi zake. Mwaka 1559 Realdo Colombo wa Italia akaiandika tena. Kabla yao, Andrea Alpago, Mtaliano aliyekaa Dameski miaka mingi, alitafsiri Kilatini baadhi ya maandishi ya Ibn al-Nafis, na tafsiri hiyo ikachapwa Venice mwaka 1547. Lakini sehemu iliyochapwa ni ya dawa, si ya moyo na mapafu. Pengine maneno yalisafiri kwa mdomo. Pengine watu wawili walifika kisima kimoja kwa njia mbili. Kesi hii haina shahidi, nami siwezi kuihukumu.

Kinachoniuma mimi si Wazungu. Ni sisi. Muhtasari wake wa Qanuni, uitwao Mujaz, ulisomwa Waislamu walipo, hata India, ukaandikiwa sherehe juu ya sherehe. Ile sherehe ya maumbile, yenye jambo lenyewe, ilikaa maktabani. Ibn Abi Usaybi'a, aliyesoma kwa mwalimu mmoja naye na akaandika kitabu kikubwa cha habari za matabibu, katika nakala nyingi za kitabu hicho hakumtaja kabisa! Sijui palikuwa na nini baina yao. Ikawa mwaka 1924 ndipo tabibu kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, akautazama mswada ulioko Berlin, akasoma, akatambua alichokishika. Aliandika tasnifu yake juu yake. Baadaye Max Meyerhof, tabibu wa macho Mjerumani aliyekuwa akiishi Kairo, akaieneza habari hiyo, na dunia ikajua. Husimuliwa kwamba Ibn al-Nafis alikuwa na yakini kwamba vitabu vyake vitadumu miaka 10,000. Vilidumu, lakini karibu miaka 700 ya mwanzo lile lililo bora lilikaa kimya.

Aliandika mengi mengine. Aliikusudia al-Shamil, kitabu cha utabibu cha juzuu 300, na alisafisha juzuu 80 kabla ya kufa. Aliandika juu ya maradhi ya macho, juu ya elimu ya hadithi, na kisa cha mtoto aliyezuka peke yake katika kisiwa akaitambua dini kwa akili yake, ambacho wengine wakifurahia kuliko vitabu vyake vya dawa.

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Kairo hospitali ya Mansuri, yenye sehemu mbalimbali kwa maradhi mbalimbali, na Ibn al-Nafis akahudumu humo katika uzee wake. Mwezi wa Dhulqaada, mwaka 687 wa Hijria, aliugua. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kama dawa. Alikataa, akasema hatakutana na Mola wake hali mwilini mwake mna mvinyo. Alilala siku 6, akafariki siku ya Ijumaa, mwezi 21 Dhulqaada, sawa na tarehe 17 Desemba 1288. Nyumba yake, iliyosakafiwa marmar, na vitabu vyake vyote, aliviweka wakfu kwa ile hospitali.

Hapo nilipomaliza kusimulia, daktari alikuwa ameitwa na kurudi mara tatu, na kila aliporudi aliuliza nilikuwa nimefikia wapi. Kitui iko zaidi ya meta 1,000 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha sehemu moja katika nane. Mtu mzima mwenye afya halitambui hilo. Mimi usiku ule nililitambua, au labda ni msiba, nikawa natoka nje mara kwa mara kusimama chini ya mwarubaini na kuvuta pumzi hadi chini.

Ndugu yangu alifumbua macho siku ya pili adhuhuri. Neno lake la kwanza lilikuwa kumwulizia mkewe. Tulikuwa tumekwisha kumzika, jana yake baada ya alasiri, na ilinipasa mimi kumwambia. Alikaa kimya muda mrefu, barakoa ikipata ukungu na kutakata, ikipata ukungu na kutakata, ndipo nikajua kwamba alia.

Nilirudi Kitui kwa arobaini. Lile jiko lilikuwa limetupwa nyuma ya nyumba, limepata kutu. Watu walikuwa wengi, Wakamba na Waswahili, ndugu wa marehemu wametoka hadi Makueni. Baada ya khitima na chakula alikuja yule daktari kutoa pole, akakaa nasi mkekani. Alitoa kitabu chake kidogo cha mfukoni akanionyesha ukurasa. Alikuwa amejaribu kulinakili lile jina la Kiarabu nililomwandikia, herufi kwa herufi kwa bidii nyingi, ila ameanza kushoto, na kila herufi imesimama peke yake. Nilimwomba kalamu, nikaliandika tena chini yake, polepole, aone mkono unavyokwenda.